Sokwe, Zinji na damu ya selimundu: maswali yenu

Kama binadamu alitokana na sokwe, mbona sokwe bado wapo?

Swali hili haliishi kuletwa. Ndugu yangu, una binamu? Mna babu mmoja, lakini hukuzaliwa na binamu yako, wala yeye hakulazimika kufa ili wewe uwepo. Sokwe ni binamu. Ukoo wake na wetu uliachana yapata miaka milioni sita au saba iliyopita, na mzee wao wa pamoja hakuwa sokwe huyu tunayemwona Gombe. Wa kale wa upande wetu ndio tunaowaita zamadamu.

Basi Zinjanthropus wa Olduvai ndiye babu yetu?

Siye. Huyo zamadamu ni tawi la pembeni lililokauka. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliliona fuvu lake mwaka 1959: umri wake ni kama miaka milioni 1.75, magego makubwa ajabu. Jina lenyewe limetokana na Zinj, jinsi Waarabu wa kale walivyoiita pwani yetu.

Mimi na mume wangu ni wazima, mtoto ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mawifi wanasema nimeileta mimi.

Pole, dada. Waambie hivi: kila mtu ana nakala mbili za jeni (chembe ya urithi) inayohusika na selimundu, moja ya mama, moja ya baba. Mwenye nakala moja yenye kasoro kwa kawaida haumwi, na huenda asijue kabisa. Mtoto wa selimundu kamili amepokea kasoro kutoka pande zote mbili, kaka yao akiwemo. Na ile robo mnayotajiwa hospitalini, yaani uwezekano wa mmoja kati ya wanne kuugua, ni ya kila mimba. Msidhani mmoja akiugua, watatu wanaofuata wamesalimika.

Kwa nini kasoro hiyo haijapotea? Malaria. Mwenye nakala moja hukingwa dhidi ya malaria kali, jambo ambalo mtafiti Anthony Allison alilionyesha mwaka 1954 kwa utafiti alioufanya Afrika Mashariki. Penye mbu wengi, watu hao walipona, wakazaa, wakairithisha. Huo ndio uteuzi asilia, na hauhusiani na ubabe: anayehesabiwa ni aliyeacha watoto mahali alipo. Pasipo malaria, jeni hiyohiyo ni hasara tupu.

Nikijenga misuli, mwanangu atazaliwa nayo?

Hapana. Mwili unachokipata baada ya kuzaliwa haukirithishi. Tumetahiri wavulana vizazi na vizazi, na ngariba hajakosa kazi.