Kwenda saa kumi na tano, kurudi saa sita?

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu anakwenda Guangzhou, China, kufuata vipuri vya pikipiki. Tiketi inaonyesha ataondoka Dar es Salaam 21:00 na kufika 12:30, na pembeni pameandikwa +1. Nikihesabu napata saa kumi na tano na nusu. Wakati wa kurudi ataondoka 14:00 na kutua Dar 20:15 siku hiyohiyo, yaani saa sita na robo tu. Je, ndege hurudi kwa njia ya mkato? Na umbali wenyewe ni kilomita ngapi?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Ndugu msomaji, njia ya mkato haipo. Saa za kwenye tiketi huandikwa kwa majira ya kila kiwanja, cha kuondokea na cha kutua, kwa hiyo ukitoa moja kwa nyingine bila kurekebisha utapata hesabu isiyo ya safari. China iko mbele yetu kwa saa 5, na nchi nzima hutumia majira mamoja licha ya upana wake. Alama ya +1 maana yake ni siku inayofuata. Mdogo wako atakapotua saa sita na nusu mchana wa kule, hapo Uyole itakuwa saa moja na nusu asubuhi. Kwa hiyo atakuwa amesafiri saa kumi na nusu. Kwa kurudi, ongeza zile saa 5 badala ya kuzitoa, utapata saa kumi na moja na robo.

Tofauti inayobaki, ya dakika 45, haina ajabu. Katika anga za juu za kusini mwa Asia, hasa miezi ya Desemba hadi Februari, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Huisukuma ndege inayokwenda China na kuikabili inayorudi.

Umbali kati ya viwanja hivyo viwili ni takribani kilomita 8,700, ukipimwa kwa kufuata mviringo wa dunia. Usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani, kwani ramani bapa hupotosha masafa. Vuta uzi juu ya tufe la darasani, nao utapita Bahari ya Hindi, kusini mwa India na Ghuba ya Bengal. Ndege kubwa ya abiria hukata kilomita 900 hivi kwa saa ikishatulia angani, na kwa mwendo huo ingetumia chini kidogo ya saa kumi. Muda unaozidi huliwa na kupaa, kushuka, kusubiri zamu ya kutua na kufuata njia za anga zilizopangwa.

Mimi ningehofia zaidi kipande cha Mbeya hadi Dar. Kwa anga, kutoka Songwe, hakifiki hata kilomita 700, lakini kwa barabara ni zaidi ya 800, na basi likikwama nyuma ya malori pale Kitonga linaweza kutumia saa nyingi kuliko ndege ya China. Akipanda ndege Songwe, akumbuke kwamba ukungu huweza kuahirisha safari, na ikiwa tiketi hizo mbili zimekatwa mbalimbali, ndege ya Guangzhou haitamsubiri. Afike Dar siku moja kabla.