Kung'oa freti ndiyo sehemu rahisi

Msomaji mmoja ameuliza: akishang'oa freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) za gitaa lake la besi, ni lazima azibe ile mifereji zilimokaa, au aweke nyuzi aendelee kupiga? Ni lazima azibe. Mguu wa kila freti umezama ndani ya ubao wa juu ya shingo ukaubana pande zote mbili. Freti ishirini zikitoka, shingo inapoteza sehemu ya ugumu wake, na nyuzi nne za besi huivuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Ukiacha mifereji wazi shingo hupinda mbele, na pengine chuma cha ndani, kile kinachokazwa ili kuinyoosha, kikashindwa kuirudisha.

Kung'oa kwenyewe kunataka joto na subira tu. Tembeza kichomeo cha solda juu ya freti mpaka gundi ya chini ilegee. Kisha chukua pinsa iliyosagwa midomo ikawa bapa kabisa, anzia ukingoni, bana, sogea kidogo, bana tena. Usivute. Freti hupanda yenyewe kwa kubanwa. Ukiivuta, vimeno vya mguu wake vinabandua vipande vya mbao. Kikibanduka kipande, kirudishe palepale kwa tone la supaglu nyepesi kabla ya kugusa freti inayofuata. Ukisema utakitafuta baadaye, hutakiona.

Sasa mifereji. Mingi ina upana wa milimita 0.6 hivi, kwa hiyo vinia (ukanda mwembamba wa mbao) ya unene huohuo inatosha. Pima kwanza, maana gitaa hutofautiana. Kipande kiingie hadi chini kwa kusukumwa na kidole gumba. Kikidai nyundo ni kinene mno, na ishirini vya namna hiyo vitaipinda shingo kinyumenyume. Kikicheza ni chembamba, hakisaidii kitu. Wengi hukimbilia kujaza puti ya mbao kwa sababu ni haraka, lakini puti hunywea ikikauka, haibani, na baada ya muda kidole kinaanza kuhisi vishimo. Dondoshea supaglu, iache ikauke, halafu kata vinia sawa na ubao kwa patasi kali.

Kabla ya msasa, nyoosha shingo kwa alenki (ufunguo wa kukazia kile chuma cha ndani) na uthibitishe kwa rula ndefu ya chuma. Msasa ufungwe kwenye kibao chenye mviringo uleule wa ubao: besi nyingi za zamani za kampuni ya Fender zina nusu kipenyo cha inchi 7.25, nyingi za sasa 9.5. Piga kwa urefu wa shingo, namba 120, 180, 240, kisha 400. Ukitumia kibao bapa utaua mviringo katikati. Vaa barakoa, vumbi la rozwudi, mti mgumu wa ubao nyingi, linawasha mapafu na ngozi.

Rangi ya vinia si urembo tu. Vidoti vya ubavuni kwenye besi ya kawaida viko katikati ya freti na freti, lakini bila freti sauti sahihi iko juu ya mstari wenyewe, si nyuma yake. Ukiziba kwa vinia nyeusi ukapoteza mistari, vidoti hivyo vitakudanganya kila ukitazama. Tumia vinia nyeupe, au toboa vidoti vipya mahali freti zilipokuwa.

Nyuzi sasa zitakuwa juu, maana umeondoa milimita moja hivi ya chuma. Chonga mikato ya kidaraja cha kichwani hadi nyuzi zikae milimita 0.3 hadi 0.5 juu ya ubao, mikato ikiinamia upande wa vigingi. Usipoinamisha, uzi hukwaruza ukipigwa. Kisha shusha daraja la nyuma. Likigota chini na nyuzi bado ziko juu, weka kipande chembamba cha vinia chini ya kisigino cha shingo, upande wa pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi.

Ubao wa mti wa mepo lazima upakwe vanishi. Rozwudi huvumilia mafuta, mradi utumie nyuzi laini bapa. Nyuzi za mviringo, zilizozungushiwa waya wa duara, zitauchimba. Jaco Pastorius, mpiga besi maarufu wa Marekani, alitumia hizo za mviringo, ila ubao wa besi yake ya Fender Jazz Bass ya 1962 ulikuwa umepakwa epoksi, gundi inayokauka ikawa ngumu. Ukiifuata njia hiyo, paka epoksi kabla ya kuchonga kidaraja, kwani tabaka lake linapandisha ubao na vipimo vyote hubadilika.