Uliza Dada Ujibiwe: Machungwa ya kijani yana shida gani?

SWALI: Shikamoo dada. Niko Kimara, nina watoto wawili. Mume wangu akipata mshahara anapitia supamaketi anarudi na epo za Sauzi na yale machungwa yenye rangi kabisa, mimi nikinunua ya Muheza hapo gengeni anasema nimeleta mabichi, ona yalivyo kijani, hayo hayana vitamini. Na hela anayonunulia ndo hiyo hiyo ya mboga. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marhaba mdogo wangu. Kwenye machungwa shemeji kachemka, mwambie taratibu lakini. Ganda la chungwa linapoteza ukijani likipigwa na ubaridi, sasa kwa joto la Muheza huo ubaridi utoke wapi? Linaiva ndani linakuwa tamu kabisa huku nje bado kijani. Ndo maana mnunuzi mzoefu hahangaiki na rangi, analipima mkononi, likiwa zito kuliko umbo lake na ganda laini linang'aa kidogo hilo lina maji, jepesi lenye ganda nene gumu mrudishie mwenye genge. Kuanzia Juni hivi yanajaa mjini bei inashuka, nunua hata kiroba.

Epo sio tunda baya, wale tu, ila kama hoja ni vitamini basi shemeji kachagua vibaya. Gramu 100 za epo zina vitamini C kama miligramu 5 tu, chungwa kama 50, na pera, hili hili la uani ambalo watoto wanarushia mawe, linapita 200! Yani mtu anaacha pera anapanda daladala kufata epo. Tena epo linaweza kukaa kwenye stoo za baridi miezi na miezi toka lichumwe, kisha linapakwa nta ling'ae. Ile nta haimdhuru mtu, ila usidhani mng'ao ndo dalili kwamba limechumwa juzi.

Af kuna suala la hela inaenda kwa nani. Epo za Sauzi zinaingia hapa, ndizi zetu kule zilikuwa zimekataliwa miaka, mpaka Aprili 2025 serikali yetu ikazuia mazao ya Sauzi kwa siku chache. Ukinunua nanasi la Kiwangwa au plamsi za Lushoto, hela inabaki kwa mkulima, dereva wa fuso, mbeba mizigo, mama wa genge. Kiukweli mkulima ndo anapata kidogo kuliko wote, madalali na lumbesa zinamla, hilo nalijua na linaniudhi, lakini kwenye epo la Sauzi hapati hata hicho kidogo.

Kama shemeji ana hamu ya epo, Njombe nako wanalima siku hizi, aulizie.

SWALI: Da, mimi nakaa Mabibo, mchicha wa bondeni ni freshi na bei poa, lakini naogopa maji wanayomwagilia. Niache?

JIBU: Hapo uko sahihi kuogopa kaka. Kulimwa karibu sio kulimwa salama. Mto Msimbazi unapokea maji machafu ya majumbani na viwandani, na yakiwa na madini mabaya kama risasi yanaingia ndani ya jani lenyewe, hata uoshe vipi hayatoki. Muulize muuzaji bustani iko wapi na anamwagilia kisima au mto, anayenunua shambani mwenyewe atakujibu bila kujiuma uma, anayesema "we nunua tu kaka mzuri huo" achana nae. Ukipata wa kisima nunua asubuhi upike siku hiyo hiyo, mchicha ukishinda juani vitamini C inapungua haraka. Osha kabla ya kukata, jani kwa jani, maji yakiwa yanatiririka, sio kuuchovya kwenye beseni moja mara mbili ukasema tayari.