Maswali na majibu: Kicheza muziki kimeganda kwenye kusasisha orodha ya nyimbo

SWALI: Assalaam alaykum, ndugu mtaalamu. Ninatumia kicheza muziki cha SanDisk Sansa Clip+ chenye memori kadi ya GB 16. Hivi karibuni niliongeza kwenye kadi hiyo nyimbo zipatazo 400 za kaswida na taarab, nyingine nimezipakua mtandaoni na nyingine nimenakili kutoka kompyuta ya Apple ya kazini. Tangu hapo, kila nikikichomoa kwenye kompyuta kinaanza kusasisha orodha, mstari unafika karibu na katikati, kisha unaganda palepale. Nikiitoa kadi kinawaka bila shida. Fundi mmoja ameniambia kimekufa. Je, ninunue kingine, au nifomati kadi?

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu msomaji. Usinunue kingine, wala usifomati chochote kwa sasa. Maelezo yako yana dalili mbili zinazotosha kutuonyesha njia. Ya kwanza ni kwamba kifaa kinawaka vizuri kadi ikiwa nje, maana yake ubao wake, betri na programu yake vinafanya kazi. Ya pili ni kwamba mstari unaganda mahali pamoja kila mara. Kadi iliyochoka au betri iliyoishiwa chaji kwa kawaida hugandisha kazi mahali tofauti tofauti, lakini kuganda palepale kunaelekeza kwenye faili moja, au machache, ambayo kifaa kinashindwa kuyasoma.

Ili uone kwa nini faili moja linaweza kukwamisha mia nne, inafaa kujua kinachofanyika mstari ule unapotembea. Kifaa hakichezi nyimbo wakati huo. Kinafungua kila faili, kinasoma lebo yake, yaani jina la wimbo, la msanii na la albamu, kisha kinayapanga yote katika hifadhidata ili baadaye uweze kutafuta kwa msanii au kwa albamu. Lebo za zamani za aina ya ID3v1 zilikuwa na baiti 128 tu, zikikaa mwisho wa faili, kwa hiyo hazikuwa na nafasi ya kuleta matata. Lebo za ID3v2 hukaa mwanzo wa faili na zinaruhusiwa kukua hadi MB 256, na ndani yake huweza kuwekwa picha, mashairi na maoni marefu. Nyimbo nyingi zinazopakuliwa mtandaoni huja na picha kubwa isiyo na kazi pamoja na matangazo ya tovuti yaliyojazwa katika kila sehemu ya lebo. Kompyuta hupita juu ya vitu hivyo bila taabu, lakini kifaa kidogo chenye kumbukumbu finyu kinaweza kukwama hapo, hasa lebo ikiwa imeharibika na inataja ukubwa usiolingana na uliopo.

Hii ndiyo sababu ninakuzuia kufomati. Ukifomati kisha ukarudisha nyimbo zilezile, utakuwa umelirudisha na lile faili lenye kasoro.

Anza hivi. Zima kifaa kwa kushikilia kitufe cha kuwashia mpaka kioo kizimike, toa kadi, iweke kwenye kisoma kadi cha kompyuta ya Windows, na unakili kila kitu kwenye folda ya kompyuta. Washa uonyeshaji wa mafaili yaliyofichwa. Kwa kuwa ulinakili kutoka kompyuta ya Apple, huenda ukaona mafaili madogo ambayo majina yake yanaanza na nukta na mstari wa chini (._), kisha yanafuatiwa na jina la wimbo halisi na kuishia na .mp3. Hayo si muziki, bali ni maelezo ambayo kompyuta za Apple huyaandika kwenye kadi za FAT32 (mfumo wa kupanga mafaili unaotumika kwenye kadi nyingi), na kifaa chako kikiyaona hudhani ni nyimbo. Yafute yote. Kisha unganisha kifaa chenyewe, bila kadi, baada ya kuchagua MSC (hali inayokifanya kifaa kionekane kwenye kompyuta kama diski ya kawaida) katika mpangilio wa USB, na ufute faili linaloitwa MTABLE.SYS. Hiyo ndiyo hifadhidata, na kifaa kitaijenga upya chenyewe. Kisha chomoa kifaa, rudisha kadi na ukiwashe.

Ikiwa bado kinaganda, tafuta faili lenye kasoro kwa kugawa nusu kwa nusu. Weka nyimbo 200 tu kwenye kadi. Kikimaliza kusasisha, kasoro imo katika zile 200 nyingine. Kikiganda, imo katika hizi. Gawa tena kundi lenye kasoro, 100 kwa 100, na uendelee hivyo. Kwa nyimbo 400 utalifikia faili lenyewe kwa hatua zisizozidi 9. Nusu zote mbili zikiganda, usikate tamaa, kwani maana yake ni kwamba mafaili mabovu ni zaidi ya moja, na kila nusu itachunguzwa peke yake.

Ukilipata, usilitupe, maana sauti yake huenda ni nzima. Lifungue kwa programu ya Mp3tag, ondoa picha na maoni, na ulihifadhi upya kwa lebo ya ID3v2.3. Hapa kuna jambo linalokuhusu wewe hasa. Wengi hushauri kuchagua mfumo wa herufi wa ISO-8859-1, na kwa majina ya Kiswahili unatosha kabisa, lakini hauna herufi za Kiarabu. Kaswida zenye majina yaliyoandikwa kwa Kiarabu zitapoteza majina hayo na kubaki na alama za kuuliza. Kwa hizo chagua UTF-16, au andika jina kwa herufi za Kilatini kabla ya kuhifadhi.

Endapo mstari utaanza kuganda mahali tofauti kila mara, hapo ndipo kadi yenyewe ishukiwe. Kadi za bandia zinazojitangaza kuwa na ukubwa zisiokuwa nao zimejaa madukani. Ifomati kwa FAT32 ikiwa tupu, kisha uijaribu kwa programu ya H2testw, ambayo huijaza kadi na kusoma tena kilichoandikwa. Windows ikikuonyesha GB 14.9 badala ya 16, usishtuke. Ni tofauti ya namna ya kuhesabu. Lakini H2testw ikiripoti makosa, kadi hiyo usiiamini tena, na wala usiiwekee kaswida ambazo huna nakala yake kwingine.