Richards au de Villiers? Kabla hujabishana, angalia wenzao

Hapa Unguja mchezo ni mpira wa miguu, hilo halina ubishi. Lakini Mji Mkongwe bado una watu wanaoifuata kriketi kwa dhati, na ukikaa nao barazani usiku, kahawa mkononi, mazungumzo hayakawii kufika palepale: nani mkali zaidi wa mechi za siku moja, wa zamani au wa sasa? Kijana anafungua simu na kusoma. AB de Villiers wa Afrika Kusini, wastani 53.50, mikimbio (ndiyo pointi za kriketi) 101 kwa kila mipira 100. Viv Richards wa West Indies, timu ya visiwa vya Karibi, mtu wa zamani, wastani 47, mikimbio 90 kwa mipira 100. "Ami, hesabu si hii hapa?" Ami anamjibu kwamba yeye hakumuona Richards, basi anyamaze. Hapo mjadala unakwama.

Nimeyasikiliza mabishano haya miaka mingi, na mengine nimeyaanzisha mwenyewe. Ushauri wangu ni mmoja: usiiweke namba ya mwaka 1985 kando ya namba ya 2015 kabla hujauliza wenziwe mchezaji huyo, siku zile, walikuwa wakipata ngapi.

Mchezo wenyewe haukuwa mmoja. Mechi ya kwanza ya kimataifa ya siku moja, Melbourne, tarehe 5 Januari 1971, ilikuwa ya ova 40, na kila ova, yaani fungu la mipira anayorusha mrushaji mmoja mfululizo, ilikuwa na mipira minane, si sita kama leo. Kombe la Dunia la 1975, la 1979 na la 1983 yalichezwa kwa ova 60. Ova 50 ziliingia Kombe la Dunia mwaka 1987. Mwishoni mwa 2011 ikaanza kutumika mipira miwili mipya katika kila zamu ya kupiga, mmoja kila upande, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2025, kwa hiyo miaka hiyo mpira haukuchakaa kama zamani na mpigaji akapumua. Ukiongeza sheria za kuwabana wadakaji wasirundikane mbali, unapata mchezo ambao mikimbio inatoka kwa wepesi zaidi.

Chukua siku moja tu, 7 Juni 1975. Uwanjani Lord's, Uingereza waliifunga India mikimbio 334 kwa wiketi nne, yaani wapigaji wao wanne tu walitolewa. Sunil Gavaskar akaingia kufungua zamu ya India, yaani kuwa miongoni mwa wapigaji wawili wa kwanza, akabaki uwanjani mpaka ova zote 60 zikaisha, mkononi ana mikimbio 36 kwa mipira 174. Siku hiyohiyo, Birmingham, Glenn Turner wa New Zealand alipiga 171 bila kutolewa. Dhidi ya nani? Dhidi yetu: timu ya Afrika Mashariki, iliyounganisha Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ambayo ilipoteza mechi zake zote tatu za mashindano yale. Kwa hiyo ile 171 naiheshimu, ila siwezi kuipa uzito sawa na 171 iliyopigwa dhidi ya warushaji wakali kama Garner wa West Indies au Lillee wa Australia. Aliyekuwa akirusha mpira upande wa pili naye anahesabika.

Sasa hesabu yenyewe. Miaka ya 1980 timu zilikuwa zikipata takriban mikimbio 4.5 kwa ova. Miaka ya 2010 ikapanda hadi kama 5.2. Gawanya 5.2 kwa 4.5, utapata karibu 1.16. Zidisha na kasi ya Richards, 90.2, na sasa unazungumzia mtu wa mikimbio kama 104 kwa mipira 100, tena mwenye wastani wa 47 hata kabla hatujaugusa wastani wenyewe. Kijana wa simu hapo huwa kimya kidogo. Si hesabu ya kupimia dhahabu, maana hatujui Richards angefanya nini na magongo mazito ya leo, lakini inatosha kuonyesha kwamba de Villiers hakumwacha mbali kama simu inavyosema. Huenda hakumwacha kabisa.

Wastani nao una mtego wake, na wengi huuruka. Unapatikana kwa kugawa mikimbio kwa mara alizotolewa, si kwa mara alizoingia. Michael Bevan wa Australia ana wastani wa 53.58, juu ya Richards. Lakini aliingia mara 196, na mara 67 kati ya hizo hakutolewa. Ukigawa mikimbio yake 6,912 kwa mara zote 196, unapata 35. Richards, mikimbio 6,721 kwa mara 167, anapata 40. Je, Bevan alikuwa akibebwa na hesabu? Hasha. Kazi yake ilikuwa kuingia mechi imeshaharibika na kuimaliza. Tarehe 1 Januari 1996, Sydney, Australia walikuwa 38 kwa wiketi sita wakitafuta 173 za kuwashinda West Indies. Bevan akapata mikimbio minne ya ushindi kwenye mpira wa mwisho kabisa. Mtu kama huyo mpime na wamalizaji wenziwe, usimpime na mfunguaji.

Kasi peke yake pia haitoshi. Shahid Afridi wa Pakistan alipiga mia, yaani mikimbio 100 katika zamu moja, kwa mipira 37 hapo Nairobi mwaka 1996, na kasi yake ya maisha ni 117, lakini wastani wake hauzidi 24. Burudani, ndiyo. Kumtegemea, mimi simo.

Kwa warushaji ni ileile, kinyume chake. Joel Garner alitoa mikimbio 3.09 tu kwa ova, wiketi 146 katika mechi 98. Mitchell Starc wa Australia hutoa zaidi ya 5. Wapime wote wawili kwa kawaida ya zama zao na pengo linapungua kiasi, ingawa kwangu Garner bado yuko mbele.

Tatizo ni Sachin Tendulkar wa India, maana alivuka zama: alicheza tangu 1989 mpaka 2012. Ana mia 49, lakini ya kwanza aliipata katika mechi yake ya 79, baada ya kupandishwa kufungua zamu mwaka 1994. Virat Kohli, naye wa India, alifika mia ya 50 Novemba 2023, katika zamu yake ya 279. Tendulkar aliingia mara 452. Ukitaka haki hapo, mkate Tendulkar vipande: kabla ya kufungua, baada ya kufungua, na miaka ya mwisho. Kila kipande kilinganishe na wenziwe wa miaka ileile, ndipo umwite Kohli.