Kuandika alama za vitabuni ndani ya Mathematica

Ndugu yetu ameuliza kwa nini Mathematica, programu ya kompyuta ya kukokotoa hisabati, inampa jibu lenye log(e) anapotafuta integrali ya x eˣ, ilhali ameiandika kama ilivyo kitabuni. Mimi nafundisha hisabati hapa Mombasa, na jibu kama hilo liliwahi kunipotezea jioni nzima nikiandaa maelezo ya wanafunzi, kwani nilidhani nimesahau kanuni.

Kanuni haina kosa. Herufi e unayoibonyeza moja kwa moja kwenye kibodi ni herufi tu, kama a au k, na programu huichukua kuwa kigeu ambacho thamani yake haijatajwa; kwa hiyo inalazimika kuibeba log(e) hadi mwisho, maana haijui kwamba kwako hiyo ni 1. Ili kupata e yenyewe, ile namba maalumu ya hisabati, bonyeza Esc, andika ee, kisha Esc tena. Alama ya integrali hupatikana vivyo hivyo kwa int, na d ya mwishoni kwa dd. Ukiandika dx kwa herufi za kawaida, itasomwa kuwa jina moja na integrali itabaki haina d yake ya mwishoni. Kipeo ni Ctrl na 6, sehemu ni Ctrl na /, na hayo vidole huyazoea upesi.

Linalonitia hofu zaidi ni mabano. Sisi husoma a(b+c) kuwa kuzidisha na f(x) kuwa fankshoni bila kusita, kwa sababu tunajua kinachozungumzwa. Programu haijui, ndiyo maana muundo wake uitwao StandardForm huzipa fankshoni mabano ya mraba, Sin[x], na kuyaacha ya mviringo kwa kukusanya tu. Katika TraditionalForm, muundo unaofanana na maandishi ya kitabuni, k(x+1) iliyoshikana huchukuliwa kuwa fankshoni k, na ni nafasi moja tu kabla ya mabano inayoigeuza kuwa kuzidisha. Nafasi moja! Anayechapa kwa haraka katika joto letu la Machi ataiona wapi?

Kwa hivyo mimi hukokotoa kwa StandardForm, na jibu likishatoka ndipo ninapochagua seli, yaani kisanduku chenye jibu hilo, na kubonyeza Ctrl, Shift na T ili ifanane na kitabu. Anayependa kuanza na TraditionalForm simkatazi, ila akitilia shaka aigeuze seli kwa Ctrl, Shift na I, asome programu ilichoelewa. Huko sin⁻¹(x) itaonekana kuwa ArcSin[x].

Kwako wewe, badilisha e hiyo peke yake, kisha bonyeza Shift na Enter. Utapata eˣ(x − 1).