Kupanga stringi na kurusha hitilafu bila mkusanya taka katika lugha ya D

Ndugu muulizaji, nimeelewa kwamba umeiwekea funksheni yako alama ya @nogc, inayokataza kutumia mkusanya taka (sehemu ya D inayotenga kumbukumbu na kuirudisha yenyewe isipotumika tena), na sasa kompaila inakataa format, ya kupanga stringi, pamoja na throw new Exception, ya kurusha hitilafu, kwa kuwa vyote viwili huomba kumbukumbu kwa mkusanya taka.

Kwa maandishi, tenga bafa (nafasi ya muda ya kumbukumbu) ya baiti 256 kwenye steki, yaani kumbukumbu ya funksheni inayoachiliwa funksheni inapomalizika, kisha uandike ndani yake kwa snprintf ya lugha ya C. Hapa uwe mwangalifu sana, maana mimi nilipoteza siku mbili: stringi ya D si lazima iishie na baiti ya sifuri, hivyo ukiipitisha kwa %s, alama ya kuingiza stringi, snprintf inaweza kuendelea kusoma kumbukumbu isiyo yako. Tumia %.*s, ukitanguliza urefu uliogeuzwa kuwa int, ndipo ufuatishe .ptr, yaani anwani ya mwanzo wa stringi. Kagua pia thamani inayorudishwa, kwani ikiwa ni 256 au zaidi, ujumbe umekatwa.

Kwa hitilafu, unda Exception mapema ndani ya static this ya moduli, ambayo huendeshwa kwa kila uzi (thread), kisha urushe hiyo hiyo kila inapohitajika. Ujumbe wake usielekeze kwenye bafa ya steki, kwa sababu utaharibika kabla ya kusomwa. Bafa ya ujumbe huo iwe static, yaani ibaki hata baada ya funksheni kumalizika. Pale ambapo kushindwa ni jambo la kawaida, ningependelea kurudisha namba ya hitilafu.

Ikiwa programu inaendesha kifaa cha tiba, tafadhali mhandisi mzoefu wa mifumo hiyo aikague kwanza.